Ukurasa wa Muuguzi: Anayesahau Bado Yupo

 

Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo akina mama wengi wanalibeba kimya kimya. Ni habari ya mzee anayesahau. Sisemi kusahau mahali ulipoweka funguo, wala jina la jirani wa zamani. Hayo hutupata sote. Nasema habari ya mama yako mzazi, au mama mkwe wako, ambaye sasa anauliza swali lile lile mara kumi kabla chai ya asubuhi haijaisha. Anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufariki. Anaficha fedha, kisha anasema mmemwibia. Na jua linapozama anafunga nguo zake katika kanga, anasimama mlangoni, anasema anakwenda kwao. Na kumbe yuko kwake.

Hali hii wataalamu huiita demensia. Si uzee wa kawaida, si laana, wala si uchawi. Ni maradhi ya ubongo. Yapo ya aina nyingi. Yanayoongoza ni yale ya Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza madaktari wenzake habari za mgonjwa wake mmoja wa kike. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, hasa kwa watu wenye shinikizo la damu au waliopata kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi haya, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Lakini matunzo yapo, na matunzo mema hubadili kabisa siku za mgonjwa na za yule anayemtunza.

Juu ya matunzo hayo nataka tujifunze kwa watu ambao pengine hukuwafikiria: mameneja wa makao ya wazee nchini Uingereza.

KWA NINI WAO?

Ndugu msomaji, huenda unashangaa. Kwetu mzee hutunzwa nyumbani. Ya nini kuzungumza habari za makao ya wazee ya ng'ambo? Nina sababu mbili.

Kwanza, huko wagonjwa wengi wa namna hii wamekusanyika chini ya paa moja. Chama cha Alzheimer cha nchi hiyo hukadiria kwamba katika kila wakazi kumi wa makao hayo, saba hivi wana demensia au shida kubwa ya kumbukumbu. Anayetunza wazee arobaini kwa pamoja, usiku na mchana, mwaka hata mwaka, huona mambo ambayo mimi na wewe wenye mzee mmoja tungechelewa kuyaona.

Pili, baadhi ya wanaowaosha na kuwalisha wazee hao ni watoto wetu wenyewe. Februari 2022 serikali ya Uingereza iliruhusu makao hayo kuajiri watunzaji kutoka nchi za nje, na mlango huo ukafungwa kwa waombaji wapya wa ng'ambo mwezi Julai 2025. Kwa hiyo pengine binti yako, au wifi yako, anazijua habari hizi kuliko mimi. Akipiga simu Jumapili, mwulize.

MENEJA ASIYE NA WA KUMWULIZA

Kusimamia makao ya wazee ni kazi ya upweke. Meneja ana wenye mali wanaotaka hesabu. Ana wakaguzi wanaoweza kufika bila kutoa taarifa. Ana watoto wa wazee wanaomlalamikia kwa sababu wana uchungu wa kumwacha mzazi wao. Ana watunzaji wenye mshahara mdogo, ambao leo wapo na kesho wameacha kazi. Likitokea baya, jina la makao litasomwa gazetini. Likitokea jema, hakuna atakayejua. Na meneja wa makao ya mtaa wa pili ni mshindani wake katika biashara. Basi hufanya kama tufanyavyo sisi majumbani: huficha. Nasi tunajua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwaka 2006 ulianzishwa huko mpango uitwao My Home Life. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Profesa Julienne Meyer wa Chuo Kikuu cha City, London, ambaye ni muuguzi. Watu wa mpango huo hawakuanza kwa kuhesabu makosa. Waliuliza: ni mambo gani yanayokwenda vizuri katika makao haya, na tufanyeje yawe mengi zaidi? Kisha wakawaketisha mameneja pamoja katika vikundi vidogo.

Utaratibu wa vikao vya namna hiyo ni mwepisi kuueleza, ingawa si mwepisi kuufuata. Mmoja huleta jambo moja linalomnyima usingizi. Wenzake hawakimbilii kumpa mashauri, wala hawamhukumu. Kazi yao ni kumwuliza maswali mpaka aone mwenyewe hatua ya kuchukua. Kikao kinachofuata atawaeleza alichojaribu na kilichotokea, hata kama kilishindikana. Aliyebuni njia hii ni Mwingereza Reg Revans, ambaye miaka ya 1940 alifanya kazi na wasimamizi wa migodi ya makaa ya mawe. Aliona kwamba mtu mwenye shida hujifunza mengi kwa mwenzake mwenye shida kama yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hebu sasa tutazame baadhi ya mambo ambayo mameneja wa makao yaliyo mema hufundishana, nasi tuone lipi linafaa nyumbani kwetu.

1. MJUE MTU, NDIPO UUJUE UGONJWA

Mwalimu mkubwa wa mambo haya huko Uingereza alikuwa Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufundisha shule nchini Uganda. Kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1997, naye akafariki mwaka uliofuata. Wakati ule wengi waliamini kwamba mgonjwa wa demensia ni kama nyumba iliyohamwa: kuta zipo, mwenyewe hayupo. Kitwood alikataa. Alitazama kwa makini jinsi wazee wanavyotendewa siku nzima, akaona kwamba kinachomdidimiza mgonjwa si ubongo wake peke yake, bali pia matendo yetu. Akayaorodhesha: kumsemesha kama mtoto mchanga, kumharakisha, kumdanganya ili atii, kumcheka, kuzungumza habari zake mbele yake kana kwamba hayupo, kumpokonya kazi anayoiweza. Akasema wanaotenda hivyo kwa kawaida si watu wabaya. Nami naongeza: mara nyingi ni watu waliochoka ambao hawakufundishwa.

Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza niliona haya, kwa maana karibu yote nimewahi kuyatenda nikiwa nimevaa sare yangu nyeupe.

Kitwood alifundisha kwamba mgonjwa huyu ana mahitaji matano: faraja, mtu wa kumshikilia, kuhesabiwa kuwa mmoja wa watu, kazi ya kufanya, na kujijua kuwa yeye ni nani. Akayachora kama ua, na katikati ya ua akaandika neno moja tu, upendo.

Leo makao mema hayampokei mzee kwa cheti cha dawa peke yake. Mwaka 2010 Chama cha Alzheimer na chama cha wauguzi cha nchi hiyo walitoa karatasi yenye maana ya "Huyu Ndiye Mimi". Jamaa hujaza humo jina ambalo mzee hupenda kuitwa, watu anaowapenda, kazi aliyoifanya, chakula anachokikataa, mambo yanayomtia hofu na yale yanayomtuliza.

Faida yake ni nini? Chukulia babu anayeamka saa tisa usiku na kugonga milango. Mtunzaji asiyemjua ataandika katika daftari: ni msumbufu. Mtunzaji anayejua kwamba babu huyo alikuwa mwoka mikate kwa miaka arobaini atasema: anakwenda kazini. Atamkalisha mezani, atampa unga kidogo aukande, watakunywa chai, na pengine babu atarudi kulala bila kulazimishwa. Ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mtu amejulikana.

2. TABIA NI LUGHA

Mtoto mchanga akilia, mama hasemi, "Mtoto huyu ana tabia mbaya." Huuliza: ana njaa? Amelowa? Anaumwa tumbo? Mzee wa demensia si mtoto, naye hastahili kutendewa kama mtoto. Lakini katika jambo hili moja wanafanana, kwamba maneno yamemwishia na mwili ndio unaosema.

Mzee anapopiga kelele akiogeshwa, anapokataa chakula, anapomsukuma mjukuu, meneja mwenye busara huwauliza watunzaji wake maswali haya. Je, anaumwa? Amekosa choo siku ngapi? Mkojo wake una harufu kali au unamchoma? Amekunywa maji ya kutosha? Miwani yake iko wapi? Meno ya bandia yanamkwaruza? Redio ina kelele? Aliyemvua nguo ni mgeni asiyemjua? Mwaka 2004 muuguzi wa Australia, Jennifer Abbey, na wenzake walitoa kipimo cha maumivu kwa wagonjwa wasioweza kusema. Kinatazama mambo sita: sauti anayoitoa, uso wake, jinsi anavyojikunyata au kujikinga, tabia iliyobadilika, mapigo ya moyo na joto na jasho, na majeraha au ugonjwa wa zamani kama baridi yabisi. Hata wewe nyumbani unaweza kuyatazama hayo sita bila kifaa chochote.

Jambo hili ni la uhai na kifo. Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti juu ya dawa kali za magonjwa ya akili ambazo wazee wa demensia walikuwa wakipewa ili watulie. Alikadiria kwamba kila mwaka wagonjwa wapatao 180,000 walipewa dawa hizo, na kati yao 36,000 hivi tu ndio walionufaika. Akakadiria pia kwamba dawa hizo zilileta vifo vya ziada vipatavyo 1,800 kwa mwaka. Fikiri basi: mzee alikuwa na kiu, au alikuwa na maumivu ya goti, naye akapewa kidonge cha kumnyamazisha.

Nakuomba usinunue vidonge vya kumlaza mzee kwa sababu jirani amekuambia vinafaa. Na kama daktari ameshampa dawa za namna hiyo, usizikatize mwenyewe. Nenda ukamwulize: dawa hii ni ya nini, tutaitumia kwa muda gani, na lini tutaipunguza? Una haki ya kuuliza.

3. SAHANI, KIKOMBE NA MLANGO

Haya ni madogo, nami nitayataja kwa haraka, kwa kuwa hayana gharama.

Wagonjwa wengi macho yao yanaona lakini ubongo hautofautishi. Wali mweupe katika sahani nyeupe unapotea. Watafiti wa Boston, Marekani, katika uchunguzi mdogo uliotolewa mwaka 2004, waliwapa wagonjwa wa Alzheimer sahani na vikombe vya rangi iliyokolea badala ya vyeupe, nao wakala chakula zaidi kwa asilimia 25. Jaribu sahani nyekundu au ya buluu.

Usiache kikombe cha maji mezani ukidhani atakiona. Mwekee mkononi, nawe ushike chako, mnywe pamoja.

Mzee asiyetulia kitini mpe chakula cha kushika: kipande cha kiazi, ndizi iliyomenywa, kitumbua. Atakula akitembea.

Mlango wa choo upakwe rangi tofauti na milango mingine, au uwekwe picha, na taa iwake usiku. Zulia jeusi sakafuni yeye huweza kuliona kama shimo, liondoe. Na kama anagombana na "mtu" aliye katika kioo, funika kioo.

4. SWALI GUMU: JE, TUMDANGANYE?

Hapa ndipo mameneja hubishana kweli kweli, nasi tuliofundishwa tangu utoto kwamba uongo ni dhambi hatuna budi kusimama kidogo.

Nitakiri kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika wodi ambayo sitaitaja, bibi mmoja aliniuliza mume wake atakuja saa ngapi kumtazama. Nilikuwa nimefundishwa kwamba aliyechanganyikiwa arudishwe kwenye ukweli. Nikamwambia, "Bibi, mzee alikwisha kufariki zamani." Akalia kilio cha mtu aliyeletewa habari ya msiba saa ile ile. Baada ya nusu saa alikuwa amesahau, akauliza tena. Nikamjibu vile vile. Siku hiyo nilimpa bibi yule msiba ule ule mara nne, na kila mara ulikuwa mpya kwake. Nilidhani ninasema kweli. Sasa naona kwamba nilikuwa nikimpiga.

Je, basi dawa yake ni kudanganya? Katika mji wa Düsseldorf, Ujerumani, makao mamoja ya wazee yaliweka nje kituo cha basi ambacho basi halisimami. Mzee anayetaka kwenda kwao huketi hapo kwenye benchi, mtunzaji huja kukaa naye, na baada ya muda haja ya kusafiri hupita, wakarudi ndani. Wako wanaosifu, kwa kuwa mzee hakufungiwa mlango wala hakupigiwa kelele. Wako wanaosema ni hila, na kwamba siku mzee atakapotambua, hatamwamini mtu tena. Mwaka 2016 shirika la Mental Health Foundation la Uingereza lilitoa ripoti nzima juu ya swali hili. Shauri lake, kwa kifupi, ni kwamba mtunzaji aanzie karibu na ukweli wote kadiri awezavyo, naye aondoke hapo kwa hatua tu, pale ukweli unapomtesa mgonjwa bila faida.

Mimi nimeona kwamba mara nyingi ipo njia ya katikati: usilijibu neno, ujibu moyo. Bibi akiuliza, "Mzee atakuja saa ngapi?" ndani ya swali lile kuna hamu. Mwambie, "Bibi, unamkumbuka sana mzee leo. Hebu nisimulie, mlikutana wapi?" Hapo hukudanganya, wala hukumwua mumewe upya. Umeketi naye katika upendo wake, ambao ni wa kweli kuliko kalenda.

Vivyo hivyo kwa yule anayesimama mlangoni na mzigo wake jioni. Usishindane naye, "Hapa ndipo kwako!" Mara nyingi "kwetu" analolitafuta si nyumba, ni usalama, ni mama yake, ni zamani zile. Mwambie, "Ngoja nijifunike kanga, nikusindikize." Tembeeni mpaka kwenye mwembe, mzungumze habari za kwao, kisha mrudi kunywa chai. Utapoteza dakika ishirini. Ukishindana naye utapoteza usiku mzima.

5. JAMAA SI MGENI

Mwaka 2014 nchini Uingereza mzee mmoja daktari, John Gerrard, aliyekuwa na demensia lakini akiishi vizuri nyumbani, alilazwa hospitali kwa kidonda cha mguu. Watu wa kumtazama walizuiwa kwa muda mwingi. Baada ya majuma matano alitoka akiwa amekonda sana, hawezi kutembea wala kujilisha, na kumbukumbu zimemwacha. Alifariki Novemba ya mwaka huo huo. Binti yake, mwandishi Nicci Gerrard, pamoja na rafiki yake Julia Jones, wakaanzisha Kampeni ya John. Madai yao ni mepesi: anayemtunza mgonjwa wa demensia asihesabiwe mgeni wa kuja kutazama, aruhusiwe kukaa naye. Hospitali nyingi za huko zimekubali.

Katika makao mema pia, meneja humkaribisha binti aje amlishe mama yake na kumchana nywele. Yeye ndiye kamusi ya mgonjwa.

Sisi kwa jambo hili tumebarikiwa, maana hospitali zetu nyingi bado hutegemea jamaa. Lakini tusijisifu upesi. Mara ngapi tunamwachia mzee msichana wa kazi wa miaka kumi na sita, hatujamweleza lolote, kisha tunamlaumu akimkaripia? Mwandikie naye "Huyu Ndiye Mimi". Karatasi ya daftari la mtoto inatosha.

6. NA WEWE UNAYETUNZA

Mameneja wamejifunza kwamba mtunzaji anayetukanwa na wenye makao atawakaripia wazee, na anayesikilizwa atasikiliza. Nyumbani ni vivyo hivyo. Mama mwenye watoto wa shule, mume, biashara ndogo, na mkwe asiyelala usiku, hawezi kuwa na subira isiyo na mwisho. Ukimkemea mama mkwe kisha ukalia jikoni, wewe si mwovu. Umechoka. Mwambie mume wako wazi wazi: huyu ni mama yako, nami nampenda, lakini nahitaji usiku miwili kwa juma wa kulala. Wifi na shemeji wapangiwe zamu. Anayeishi mbali na asiyeweza kuja alipie wa kusaidia kufua.

TUANZE NA NINI?

Kabla ya yote, mpeleke mzee kwa daktari. Si kila kusahau ni demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, na hata dawa anazomeza kwa maradhi mengine, huweza kuchafua kumbukumbu, na mengi kati ya hayo hutibika. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usingoje. Huenda ni malaria, maambukizo, sukari iliyoshuka au kiharusi. Siku hiyo hiyo afike hospitali.

Kwa ajili yetu wenyewe tulio na nguvu bado, wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, wakakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama yote yangeondolewa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, masikio yasiyosikia yaliyoachwa bila msaada, kutofanya mazoezi, na upweke. Pima shinikizo lako mwezi huu.

Na la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Wale mameneja walifaidika walipoacha kuficha. Sisi tuna hatari kubwa zaidi tukinyamaza, kwa sababu kwetu asiyejulikana kuwa mgonjwa huweza kuitwa mchawi. Huko Kisii, Kenya, Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Sijui kama walikuwa wagonjwa au wazima, na hakuna lililohalalisha tendo lile. Lakini mzee anayetangatanga usiku akisema maneno yasiyoeleweka huangukia shutuma kama hizo kwa urahisi. Jirani zako wakijua mapema kwamba mama ana ugonjwa wa ubongo, na kwamba wakimkuta njiani wakuite, umemjengea ukuta wa kumlinda.

Kwa hiyo nawapa kazi. Baada ya mkutano wenu wa akina mama, wabakie wanne au watano wenye mzee anayesahau. Mmoja aseme jambo moja linalomlemea. Wengine wasimpe mashauri wala wasimwambie avumilie tu, wamwulize. Huanza saa ngapi? Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Zamani alikuwa akifanya kazi gani? Anapotulia, huwa yuko na nani? Aende akajaribu jambo moja, na mwezi ujao awaeleze lilivyokwenda. Yanayosemwa hapo yabaki hapo.

Mkishafanya hivyo, tuandikieni kupitia kwa mhariri mtueleze mlilojifunza, nami nitalipitisha kwa wenzenu katika ukurasa huu. Mpaka mwezi ujao, wasalimieni wazee wetu. Mwite bibi kwa jina lile analolipenda, na umngoje akujibu.